Edita haipigi ramli

Niseme mapema ili mwenye kukasirika akasirike mapema: yule mwalimu wa video anayekuambia "ukiona mstari mwekundu na programu inaenda, uzime tu" anakuharibia. Sijali ana wafuasi wangapi. Anakufundisha kumziba mdomo mtu pekee kwenye hiyo laptopu anayesoma kila mstari ulioandika, bila kuchoka na bila kukuomba hela ya chai.

Nazungumzia ule mstari wa mawimbi unaotokea chini ya neno ukiandika Python au TypeScript kwenye VS Code. Na nazungumzia ndugu yake ambaye watu hawamtilii maanani kabisa. Umeandika hivi:

    kilo = 3

Hujasema popote kwamba kilo ni namba. Unapeleka kishale juu ya neno, edita inakuonyesha kilo: int, yaani namba nzima. Nani kaiambia?

Nimeuliza swali hili wasee wengi na jibu la haraka ni "si ni AI". Siyo AI. Wala si ramli, wala hakuna mtu ofisini Marekani anayekusomea msimbo wako. (Nasema msimbo. Kodi, huku Pwani, ni ile ya mwenye nyumba.) Kuna programu ndogo inayoitwa mkaguzi wa aina, na kazi anayoifanya wewe umeifanya tangu ukiwa na miaka 3. Wengi mnaiogopa kwa sababu mlifundishwa kwa Kiingereza tu.

Mimi ni mtu wa Funzi. Kwa mnaojua Diani peke yake: endelea kusini, pita Msambweni, ingia Bodo, panda mashua, hapo mbele kwenye mikoko ndiyo kwetu. Na kwenye matope ya mikoko kuna kaa. Sasa hilo neno kaa ndilo litatusaidia.

Nikikuambia "kaa amembana mtoto kidole", unamwona mnyama mwenye magando. Nikikuambia "kaa limemchoma mtoto kidole", umeshaona jiko la makaa. Nikikuambia "kaa!", unatafuta kiti. Neno ni lilelile, herufi tatu. Sikukwambia "kaa, aina yake mnyama". Ulisikia ame, ukajua. Ulisikia lime, ukajua. Kaa huyu, kaa hili. Ulichukua ushahidi kutoka kwa maneno ya jirani ukafunga kesi kabla sentensi haijaisha.

Zaidi ya hapo, unaweza kufanya hivyo hata jina lisipotajwa. Unaingia nyumbani unasikia mama anasema jikoni, "Vimevunjika vyote viwili!" Hujui ni nini. Lakini unajua si sahani, maana zingekuwa zimevunjika. Si mayai, maana yangekuwa yamevunjika. Orodha imepungua: vikombe, viti, vioo. Unaanza kujiuliza uliweka wapi kile kikombe. Hicho ndicho mkaguzi wa aina anachokifanya siku nzima. Hajui kigeu chako kina thamani gani. Anajua ni cha ngeli ipi, na anapunguza orodha kadiri ushahidi unavyoongezeka.

Na mtu akisema "vikombe zimevunjika"? Sikio la mtu wa Pwani linapiga mstari mwekundu papo hapo. Nairobi wanaendelea na maisha, na chai inanywewa. Ndiyo maana mimi husema Kiswahili cha Nairobi ni JavaScript: kila kitu kinakubalika, na mara nyingi kweli mambo yanaenda. Msinirushie mawe, nawapenda.

Kitu kimoja zaidi kuhusu ngeli halafu nirudi kwenye msimbo. Kiboko. Jina linaanza na ki, kwa hiyo ungetarajia "kiboko kimelala". Hakuna anayesema hivyo. Kiboko amelala, kwa sababu ana uhai. Umbo la jina halikushinda. Kilichoshinda ni kile kitu chenyewe ni nini. Mkaguzi naye yuko hivyohivyo. Unaweza kuita kigeu chako namba_ya_samaki, kama ulichokiweka ndani ni maandishi, yeye anajua ni maandishi. Jina ulilotunga si ushahidi.

Sasa tuingie kwenye daftari la mizani. Mnaoishi pwani mnalijua: mashua zinafika, samaki wanapimwa, karani anaandika jina la mvuvi, samaki gani, kilo ngapi, bei ngapi. Changu, tafi, pweza, nguru. Kila kijana wa huku anayejua Python kidogo ameshawaza kuligeuza lile daftari liwe apu. Ni wazo zuri. Hebu tuliandike kwa namna ambayo mafunzo mengi ya mwanzo yanafundisha:

    tenga_la_kwanza = input()
    tenga_la_pili = input()
    jumla = tenga_la_kwanza + tenga_la_pili

Karani anaandika 3, halafu 4. Jumla ni ngapi? Ni 34. Kwa sababu kinachotoka kwenye input ni maandishi siku zote, hata ukiandika tarakimu, na kuongeza maandishi kwa maandishi ni kuyaunganisha. Programu haikuanguka. Hakuna kosa lililotokea. Na ubaya wa 34 ni kwamba ni kilo zinazowezekana kabisa. Siku nzuri ya kaskazi mtu anazileta. Ukizidisha kwa bei ya mfano ya shilingi 600, badala ya 4,200 unaandika 20,400. Hapo ama mnunuzi anaumia, ama mnunuzi anakataa na mvuvi aliyetoka usiku wa manane anaitwa mwongo mbele ya watu.

Angalia vizuri: hapo hata mkaguzi hapigi mstari mwekundu. Maandishi kujumlisha maandishi ni halali. Lakini yeye ameshajua. Peleka kishale juu ya jumla na utaona ameandika str. Alikuwa anajua kabla hujabonyeza kitufe cha kuendesha. Hakusema kwa sababu hukumwambia wewe ulitarajia nini. Mwambie:

    jumla: int = tenga_la_kwanza + tenga_la_pili

Neno moja tu, int, na mstari mwekundu unatokea: ulichokiahidi ni namba, unachokileta ni maandishi. Ndiyo maana nasema mkaguzi si askari. Ni shahidi. Ukimuuliza anasema alichokiona, usipomuuliza ananyamaza na ushahidi wake mfukoni.

Amejuaje kwamba input hutoa maandishi? Kuna faili ambazo watu wameketi wakaandika, fankisheni moja baada ya nyingine za Python: hii inapokea hiki, inatoa kile. Zinakuja pamoja na mkaguzi. Yeye anaanzia hapo. 3 ni int kwa sababu imeandikwa 3. "changu" ni str kwa sababu ina alama za kunukuu. input hutoa str kwa sababu faili linasema. Str kujumlisha str ni str. Hatua kwa hatua, kama mtu anayefuata nyayo kwenye mchanga maji yakiwa yametoka. Na anafanya yote haya bila kuendesha programu. Fundi wa mashua akitaka kujua kama kalafati imeshika hakupeleki kwanza katikati ya bahari. Anazunguka chombo kikiwa kimepandishwa pwani, anapapasa mbao moja moja. Kuendesha programu ni kuingia majini. Mkaguzi yuko nchi kavu.

Mahali ninapompenda zaidi ni kwenye fankisheni kama hii:

    def bei_ya(samaki):
        if samaki == "changu":
            return 500
        if samaki == "pweza":
            return 400

Peleka kishale juu ya bei_ya. Atakuandikia kwamba hii hutoa 500, au 400, au None. Hiyo None imetoka wapi? Hukuiandika. Yeye amefuata njia zote, akaona kuna njia ya tatu: samaki siye changu wala pweza. Njia hiyo inatokea upande wa pili mikono mitupu. Ukizidisha bei hiyo kwa kilo, na ukaguzi umewashwa, anapiga mstari: na kama ni None? Kwa lugha yetu anakuuliza, na siku wakileta tafi? Ukiongeza swali lako, if bei is None, ukamrudisha karani aandike upya, basi chini ya swali hilo mkaguzi anajua None imeshaondoka, imebaki namba. Mstari unafutika. Hujamdanganya wala hujamzima. Umempa ushahidi. Mama alisema "vyote viwili", orodha ikapungua.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wazazi wa wengi wenu. J. Roger Hindley aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1969, akiwa upande wa mantiki. Robin Milner, akiwa Edinburgh, akalifikia kwa njia yake na kulichapisha mwaka 1978 kwa ajili ya lugha iitwayo ML. Kwenye ML unaweza kuandika programu karibu nzima bila kutaja aina yoyote na mashine ikazitambua zote, au ikakuambia hazipatani. Milner alipata Tuzo ya Turing mwaka 1991. Lakini lugha tunazotumia sisi mtaani zilichelewa: TypeScript ilitangazwa na Microsoft mwaka 2012, Python ikapata alama rasmi za aina kwenye toleo la 3.5 mwaka 2015, na mkaguzi aitwaye Pyright akatoka mwaka 2019. Huyo ndiye injini iliyo ndani ya Pylance, ile nyongeza ya Python uliyonayo kwenye VS Code. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mambo ya aina ni ya wazee wa Java, mwambie wazee ndio waliotaka tusiandike aina.

Kuna tofauti moja kati ya ML na hizi zetu ambayo ingetajwa kwenye kila somo la kwanza, na sijui mbona haitajwi. ML ikiona fankisheni, inatazama ndani, inaona umejumlisha na 1, inasema basi kilichoingia lazima kiwe namba. Mkaguzi wa Python na yule wa TypeScript hawafanyi hivyo. Kile kinachoingia mlangoni mwa fankisheni, kama hukukiandikia aina wala hukukiwekea thamani ya kuanzia, kwao hakijulikani. Rudi kwenye bei_ya: kilichotoka amekijua, lakini samaki aliyeingia hamjui. Ni nani? Maandishi? Namba ya orodha? Hana jirani wa kumtolea ushahidi.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo, na ndipo ninapogombana na kambi zote mbili.

Kambi ya kwanza wanasema usiandike aina kabisa, Python ni lugha huru. Kambi ya pili wanaandika aina kila mahali, hata kilo: int = 3, mpaka msimbo unakaa kama fomu ya serikali. Wote hawamwelewi mkaguzi. Ndani ya fankisheni usimwambie anachokiona mwenyewe. Hakuna mtu anayesema "kaa mnyama amembana mtoto mwanadamu kidole kiungo". Mlangoni mwambie, kwa sababu mlangoni ni kipofu:

    def bei_ya(samaki: str) -> int:

Ukiandika hivyo atakupigia mstari hapohapo, maana umeahidi int na ile njia ya None bado iko. Ndiyo faida yake. Panapoingia kitu na panapotoka kitu, sema. Katikati, mwache afanye kazi. Tukivuka kutoka Bodo, nahodha anakuuliza unakwenda wapi ukiwa unapanda. Katikati ya maji haulizi tena kila mtu.

Mlango mkubwa kuliko yote ni ule wa nje: data inayotoka kwenye mtandao, kwenye faili, kwenye simu ya mteja. Ukisoma data ya JSON kwa Python, mkaguzi anakuambia kilichorudi ni Any. Any ni nini? Any ni dude. "Nipitishie lile dude." Dude laweza kuwa chochote, na mkaguzi amekubaliana na wewe kwamba ukishasema dude hataongea tena. Utalijumlisha, utaligawa, utaliimba, yeye kimya. Na ubaya wa dude linaambukiza: kigeu ulichokitoa kwenye dude nacho ni dude, na fankisheni ikilirudisha, aliyeiita naye ana dude. Mtu anafurahi, "faili langu halina mstari hata mmoja". Bro, halina kwa sababu umelijaza madude.

TypeScript tangu toleo la 3.0, mwaka 2018, ina aina ya pili iitwayo unknown. Hilo ni dude lililofungwa ndani ya gunia: ruhusa ya kulishika huna mpaka ufungue uangalie. Kama unaandika TypeScript na data inatoka nje, hiyo ndiyo ya kutumia. Mstari mwekundu utakusumbua, utafungua gunia, utaangalia, mtaelewana.

Mfano wa mlango ambao sisi Wakenya tunapita kila siku: namba ya simu. Kila apu ya hapa inaigusa, maana bila M-Pesa hakuna biashara. Mtu anaanza na 07, anaona tarakimu tupu, anasema hii ni namba, anaigeuza int. Sifuri ya mbele imepotea. Sasa una tarakimu 9, wakati mfumo wa malipo unataka ianze na 254. Halafu mwingine alishaandika 254 mwenyewe, mwingine ameweka alama ya kujumlisha, mwingine ameacha nafasi katikati. Jiulize swali moja tu: lini uliwahi kujumlisha namba mbili za simu? Lini uligawa namba ya simu kwa 2? Namba ya simu si namba. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Iandikie str mlangoni, na siku utakayojaribu kuipeleka penye int mkaguzi atakukamata kabla hela ya mtu haijaenda kusikojulikana.

Mwaka 2022 Kenya ilipitisha silabasi ya msimbo kwa shule, na Python iko ndani. Nafurahi. Lakini watoto wataanza na lugha ambayo aina zipo na hazionekani, na kama mwalimu wao ni wa ile kambi ya "zima tu", watatoka wakiamini namba ya simu ni namba. Wanazungumza lugha yenye ngeli nyumbani, wanarekebisha "vikombe zimevunjika" bila kufikiri, halafu darasani wanaambiwa kupatana kwa aina ni jambo gumu la chuo kikuu. Kwetu hapa lahaja ya wazee inaitwa Chifundi, yaani ki inageuka chi: chitu, si kitu. Umbo limebadilika, upatanisho uko palepale, na mtoto anaushika kabla hajaingia shule. Usiniambie mtoto huyo atashindwa na int na str.

Najua jibu mtakaloniletea: anayeanza asibebeshwe mzigo. Sawa, na waliounda alama hizi za Python wenyewe waliandika kwamba hawana nia ya kuzifanya za lazima. Lakini mimi sisemi anayeanza aandike aina. Nasema apeleke kishale juu ya neno asome. Hiyo ni bure, haina sarufi ya kukariri, na hata ukaguzi ukiwa umezimwa inafanya kazi. Mwanafunzi akiona str mahali alipotarajia int, ameshajifunza zaidi ya video ya saa nzima.

Wengine mtasema Copilot inanitosha, inaandika yenyewe. Hapo tusichanganye mambo. Ile inatabiri neno lijalo kwa kufuata misimbo mingi iliyowahi kuandikwa na watu, wakiwemo wale wa "zima tu". Inaweza kukuandikia tenga_la_kwanza + tenga_la_pili bila aibu. Mkaguzi hatabiri. Ukimuuliza kwa nini umesema str, kuna mnyororo: kwa sababu ya hiki, kwa sababu ya kile, mpaka mwanzo. Kadiri mashine inavyokuandikia zaidi, ndivyo unavyomhitaji yule anayesoma. Mimi nawatumia wote wawili, na wakigombana namsikiliza mkaguzi kwanza.

Hata yeye hajui kila kitu, na wakaguzi wenyewe hawakubaliani. Mkubwa wa wakaguzi wa Python anaitwa mypy, alianzishwa na Jukka Lehtosalo akiwa Cambridge. Ukiandika kilo = 3 halafu chini yake kilo = "tatu", mypy anakuambia hapana, ulianza na namba, baki na namba. Pyright anasema sawa, kuanzia hapa ni maandishi, nimeona. Ile bei_ya isiyo na alama yoyote, Pyright anaichambua. Mypy, usipobadilisha setingi, anaipita kama haipo. Kwa hiyo "mkaguzi amepitisha" maana yake ni mkaguzi yupi, kwa setingi zipi.

Halafu kuna vitu ambavyo hakuna anayeviona. Karani ukimwekea int mlangoni atakuja kuandika "3 na nusu", programu itaanguka, na mkaguzi hakuwa na njia ya kujua. Yeye hamwoni karani. (Na samaki hupimwa kwa nusu kilo pia, kwa hiyo hapo ni float ulitaka, si int.) Kilo 7 ukizijumlisha na shilingi 600 anakubali, maana zote ni namba. Na saa? Mwambie mtu wa hapa mashua inaondoka saa 2, atafika pwani jua limeshachomoza. Mpe apu hiyohiyo mgeni wa hoteli, saa 2 kwake ni usiku wa manane au mchana. Mkaguzi anaona int na int, amani tupu. Python ina kitu kiitwacho NewType, kinakuruhusu kusema hii ni namba lakini ni SaaKiswahili, isichanganywe na ile nyingine. Ukipeleka saa ya Kiswahili penye fankisheni inayotaka saa ya kizungu, mstari. Mistari miwili ya kazi. Sijawahi kuiona kwenye somo lolote la apu ya usafiri, na nchi nzima tunaishi na saa mbili tofauti mkononi.

Sasa fanya hivi leo. Fungua VS Code, ingia kwenye setingi, tafuta typeCheckingMode. Kama hukuwahi kuigusa, kuna uwezekano mkubwa imeandikwa off; ndiyo maana mlikuwa hamsikii kitu. Iweke basic. Fungua ule mradi wako wa mwisho, uleule uliomwonyesha kila mtu. Itatokea mistari, pengine mingi. Usianze na ule wa juu. Tafuta wenye neno None, peleka kishale, na ujiulize ni njia ipi inayotoka mikono mitupu.